Kwa kijana mmisionari anayehamia Pemba

Kibali cha ukaazi cha wamisionari ni daraja C. Kifuatilie mapema, na pasi ya kusafiria uwe nayo mkononi hata ukishuka kwenye boti pale bandari ya Mkoani. Ukipata nyumba, nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, pamoja na mwenyeji wako kabla hujafungua mabegi. Jirani akiulizwa "huyu nani?", awe na jibu.

Kazi nzito iko mlangoni. Piga hodi umesimama pembeni, usichungulie ndani. Mara tatu kimya, ondoka. Mwanamke aliye peke yake anaweza kukujibu nyuma ya pazia: salimia, acha ujumbe, nenda zako. Mwenye nyumba akiwa barazani, kaa hapo hapo, usitafute kuingia. Salamu usizikate. Mzee mpe shikamoo, uliza hali ya nyumbani na ya watoto, shida yako ije mwisho. Anayetoka Nairobi na kuanza na "naomba" huonekana hana adabu, ingawa hakukusudia.

Miadi hupangwa kwa swala. "Baada ya alasiri" ni kama saa kumi hivi. "Usiku wa Ijumaa" kwa wengi ni Alhamisi usiku, maana siku huanza jua likitua. Wageni hukosa shughuli kwa hilo tu. Sokoni sema mbatata (viazi), tungule (nyanya) na boflo (mkate), utaeleweka upesi.

Vipeperushi viache begini mpaka mchungaji wa hapo akuelekeze. Watoto wa jirani wakija kucheza, wape mpira. Ukiwafundisha nyimbo za kanisa bila wazazi kujua, milango ya mtaa mzima itafungwa, na atakayelaumiwa ni mchungaji, kwani wewe utarudi kwenu.

Ramadhani, kula na kunywa iwe ndani. Pika usiku, chai itie kwenye chupa, kwa sababu harufu ya samaki wa kukaanga saa sita mchana huvuka ukuta. Ukialikwa futari, chukua tende nusu kilo au sukari kilo moja, ufike dakika kumi kabla ya adhana. Usiguse kitu mpaka wenyeji wafungue. Baada ya tende na uji wataondoka kwenda kuswali magharibi. Usidhani chakula kimekwisha ukaaga. Sinia lenyewe linakuja wakirudi, nawe ule kwa mkono wa kulia, upande ulio mbele yako.