Maswali ya Wasomaji: Kioo Cheusi Mbele ya Jua la Paje

Karibu maswali yote yaliyonifikia safari hii yametoka kwa wapigaji video za mwendo, yaani mashindano, michezo ya baharini na mambo ya kukimbizana, na wengi wao wanataka kujua wanunue filta ya ND, yaani kioo cheusi cha kuvika lenzi ili kupunguza mwanga, ya namba ngapi. Jibu la kwanza limekuwa refu kwa sababu ndilo lililobeba hesabu, na mengine yatalirejelea.

Maalim, napiga video za vijana wanaocheza kaiti baharini Paje. Kamera huiacha ijipangie yenyewe. Picha ni safi, lakini mwendo unarukaruka kama kwamba baadhi ya fremu zimeliwa. Nimeshauriwa ninunue filta ya ND. Namba ngapi?

Hakuna fremu iliyoliwa. Kamera iliyoachiwa ijipangie yenyewe kwenye jua la saa saba mchana hupandisha kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga ili mwanga uingie, hadi 1/2000 ya sekunde au zaidi, kwa hiyo kila fremu hunasa kipande cha muda kifupi mno, matone ya maji yakaonekana yamesimama hewani na ubao umeganda juu ya wimbi. Fremu hizo zikipangwa 25 kwa sekunde, jicho halipati kitu cha kuziunganisha. Desturi ya sinema ni kuiacha shata wazi kwa nusu ya muda wa fremu moja, na desturi hiyo huitwa ya nyuzi 180, kwa kuwa kamera za zamani za filamu zilikuwa na kisahani kinachozunguka kilichokatwa nusu duara. Ukipiga fremu 25 shata iwe 1/50, na ukipiga fremu 50 iwe 1/100. Hapo mkono na povu la maji huacha ukungu mdogo wa mwendo, na ukungu huo ndio tunaouona kuwa ni wa kisinema.

Tatizo ni kwamba 1/50 huingiza mwanga mwingi kupita kiasi, na hapo ndipo filta inapohitajika. Filta ya ND haileti usinema wowote; kazi yake ni kupunguza mwanga bila ya kubadilisha rangi, ili uchaguzi wa shata ubaki mikononi mwako. Kila namba ikiongezeka maradufu, mwanga unaopita hupungua kwa nusu, na nusu moja ndiyo wapigapicha wanayoiita stopu. ND2 ni stopu moja, ND4 mbili, ND8 tatu, na ND64 ni sita. Baadhi ya viwanda huandika 0.3 kwa kila stopu, kwa hiyo ukiona kioo kimeandikwa 1.8, hiyo ni ND64.

Tuhesabu pamoja, kwani anayeijua hesabu hii hachaguliwi kioo na muuzaji. Kanuni ya zamani inasema kuwa kwenye jua kali, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikiwa 100 na tundu la lenzi likiwa f/16 (namba ikipungua tundu hupanuka), shata ya 1/100 inatosha. Kushuka hadi 1/50 ni kuongeza stopu moja. Kufungua tundu kutoka f/16 hadi f/2.8 ni kuongeza nyengine tano, yaani f/11, f/8, f/5.6, f/4, kisha f/2.8. Jumla ni stopu sita, nazo ndizo ND64. Mchanga mweupe wa Paje pamoja na maji yake huakisi mwanga mwingi, kwa hiyo ongeza stopu moja, ifike ND128. Hata hivyo, anayepiga kaiti kutoka ufukweni hana haja kubwa ya f/2.8, kwa kuwa kijana anakwenda kasi na kumfuata kwa fokasi ni taabu. Kwa f/5.6 hesabu inashuka stopu mbili, na ND32 inatosha. Ukiwa na fedha za kioo kimoja tu, nunua hicho.

Usishawishike kulibana tundu hadi f/22 ili uepuke kununua filta. Mwanga ukipenya kwenye tundu dogo hivyo hutawanyika na picha hulegea, na kila tone la chumvi lililogandia kwenye lenzi huanza kuonekana.

Niko Chake Chake. Katika mchezo wa ng'ombe, mnyama hutoka juani akaingia kivulini mwa mwembe mara moja. Je, filta ile ya kuzungusha itanifaa?

Itakufaa, kwa masharti. Filta hiyo ni vioo viwili vya polaraizi, yaani vinavyopitisha mwanga wa upande mmoja tu, vilivyowekwa pamoja, na ukikizungusha kimoja, mwanga hupungua au huongezeka. Ng'ombe hangoji mtu abadilishe kioo, kwa hiyo wepesi huo una thamani yake. Lakini ukiizungusha hadi karibu na mwisho, hasa kwenye lenzi pana, hutokea msalaba wa giza katikati ya picha, na mbingu hupata mabaka. Nunua yenye vizuizi vya chini na vya juu, na usiipeleke mwishoni mwake. Mimi binafsi, kwenye mchezo kama huo, huuacha mwanga wa kivulini upungue kidogo badala ya kuzungusha kioo huku nikirikodi, kwa sababu mtazamaji humvumilia ng'ombe aliyeingia gizani, lakini hamvumilii ng'ombe ambaye anga lake linabadilika rangi.

Nimefunga kamera ndogo ya michezo kwenye ngalawa na kuitia ND32. Picha imetulia, lakini inatetemeka kwa namna ya ajabu, kama inapumua. Filta ni mbovu?

Filta ni nzima. Kinachogombana nayo ni utulizaji wa picha wa ndani ya kamera. Programu hiyo hukata kingo za kila fremu na kuisogeza ili kufuta mtikisiko, lakini haiwezi kuufuta ukungu ulioingia ndani ya fremu wakati shata ilipokuwa wazi kwa 1/50. Matokeo yake fremu imetulia mahali pake, na ukungu unakuja na kuondoka kwa kila wimbi.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuweka ND8 badala ya ND32, ili shata ipande hadi 1/200. Utapoteza sehemu ya ukungu, lakini mpumuo utapungua sana. Ya pili ndiyo niipendayo: zima utulizaji, funga kamera kwa nguvu kwenye chombo chenyewe, na uhakikishe mrengu au ubavu wa ngalawa unaonekana ndani ya picha. Kamera na chombo vitatikisika pamoja, kwa hiyo mrengu utabaki mkali, na maji yanayopita chini yake ndiyo yatakayovutika kuwa michirizi. Mwendo unaoonekana kwa namna hiyo ni mkubwa kuliko wa ngalawa ilivyokwenda kweli, na nahodha wako hatalalamika.

Je, kanuni ya nyuzi 180 ni ya lazima? Nataka kupiga Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi.

Si lazima, na Mwaka Kogwa ni mahali pazuri pa kuivunja. Wanaume wanapopigana kwa migomba, shata ya 1/200 kwa fremu 25, ambayo ni sawa na nyuzi 45, hufanya kila pigo na kila kipande kinachoruka kionekane kwa ukali na kwa fujo. Kwa nyimbo za kina mama na moto wa kibanda, rudi 1/50. Ila uamue kabla ya tukio, kwani ukali uliotokea kwa bahati mbaya hujulikana.

Vijana wanaojitupa baharini Forodhani nataka niwapunguze mwendo. Filta ibadilike?

Ndiyo. Fremu 100 zinataka shata ya 1/200, ambayo ni stopu mbili juu ya 1/50, kwa hiyo palipohitaji ND64 weka ND16. Jua likikaribia kuzama, vua kabisa.

Fundi wa kuchomelea vyuma amenipa kioo chake. Kinafaa?

Kwa kuchomelea. Kwenye lenzi kitapaka kila kitu rangi ya kijani, na giza lake ni kubwa mno kwa video.

Kamera yangu ikiwekwa kwenye logi, yaani kurikodi picha iliyopauka ili rangi zitengenezwe baadaye, ISO haishuki chini ya 800, na ND64 haitoshi. Nifanye nini?

Kutoka ISO 100 hadi 800 ni stopu tatu, kwa hiyo ND64 inageuka kuwa ND512. Kabla ya kununua, jiulize kama unaihitaji logi, kwa sababu faida yake huonekana tu kwa anayekaa baadaye kuzisawazisha rangi. Ukishaamua, tafuta kioo kinachozuia pia miali ya infraredi. Filta nyingi za kawaida hupunguza mwanga unaoonekana lakini miali hiyo huipitisha, na kadiri kioo kinavyokuwa kizito ndivyo uwiano unavyoharibika. Niliwahi kurudi kutoka Nungwi na picha za mashindano ambamo mabuibui meusi ya watazamaji wote yalikuwa ya kahawia, na bibi mmoja aliyeziona aliniuliza kwa upole kama kitambaa kilikuwa kimechuja. Kabla ya siku ya kazi, vika lenzi kioo chako kipya, piga nguo nyeusi juani pamoja na karatasi nyeupe, kisha utazame.

Filta imeganda kwenye lenzi baada ya siku mbili za bahari.

Ni chumvi na mchanga kwenye nyuzi za parafujo. Ikiwa lenzi haivumilii maji, pangusa kingo kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kidogo, kisha zungushia mpira mpana wa kufungia na ushike kwa vidole vyote, bila ya kubana sana, kwani pete ikibanwa hupinda na huzidi kuganda. Safari ijayo uifungue kila jioni, hata kama kesho yake utaivika tena.