Mvuke wa Olkaria uko mlangoni, mbona stima haishuki bei?

SWALI: Mzee, salamu kutoka Kamere, Naivasha. Mimi ni kinyozi. Asubuhi nikifungua duka, naona mvuke wa Olkaria, ule wa joto la ardhini unaozalisha stima, ukipanda. Tunaambiwa stima ya mvuke ni rahisi. Mbona basi tokeni za shilingi mia tano hunipa yuniti nyingi mwezi huu, mwezi ujao chache? Na kwa nini nisinunue moja kwa moja kwa KenGen, kampuni inayozalisha stima hiyo, ambao ni majirani zangu?

JIBU: Kijana wangu, mashine yako ya kunyolea karibu kwa hakika inazunguka kwa mvuke huo huo, kwa sababu umeme wa kituo hutumika kwanza na walio karibu nacho. Lakini bei haifuati waya. Bei hufuata mikataba.

Nilipoanza kazi ya laini kubwa za umeme, mambo mengi yalikuwa chini ya paa moja. Mwaka 1997 uzalishaji ukatengwa na usambazaji. Leo KenGen huzalisha na kuuza kwa jumla. KETRACO, kampuni ya serikali iliyoundwa mwaka 2008, hujenga laini kubwa mpya. Kenya Power hununua umeme wa KenGen, wa wazalishaji binafsi na wa nchi jirani, kisha hutuuzia sisi wa mwisho. EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi, huidhinisha bei. Kwa hiyo unapolipa, hulipii mvuke peke yake. Unalipia mabwawa ya Mto Tana, upepo wa Turkana, mitambo ya mafuta ya Mombasa, na umeme wa Ethiopia tulioanza kuununua mwaka 2022 kupitia laini inayofika kituo cha umeme cha Suswa. Vyote huchanganywa katika bei moja, na wewe wa Kamere unalipa sawa na kinyozi wa Lamu. Hilo mimi naliona ni haki, kwa sababu Lamu hakuna mvuke.

Yuniti hubadilika kwa sababu ya nyongeza za kila mwezi: gharama ya mafuta, na thamani ya shilingi, maana mikataba mingi ni ya dola au yuro. Mvua ikipungua na mabwawa yakashuka, mitambo ya mafuta huwashwa zaidi, na mwezi unaofuata tokeni zako zinapungua.

Kinachoniuma mimi ni kitu kingine. Mikataba mingi hulipia mtambo kwa kuwa tayari, hata usipowashwa. Kule Loiyangalani, Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 ya upepo, ya megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini laini ya kuja Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikakamilika mwaka 2018. Upepo ulivuma, umeme haukuwa na njia, na wenye mitambo wakalipwa fidia ya mabilioni ya shilingi. Waya uliochelewa huko Marsabit umo katika tokeni za Naivasha!

Na huo mvuke wako: usiku wa manane watu wamelala, mahitaji yanashuka, visima havizimwi kama taa, basi sehemu ya mvuke huachiliwa hewani. Saa mbili za jioni, kila nyumba inapowasha taa na runinga kwa pamoja, mafuta huchomwa kuziba pengo. Kungekuwa na bei nafuu ya usiku inayowafikia wengi, viwanda vidogo vya barafu vya hapo ziwani vingeutumia umeme huo wa usiku.

Kuhusu KenGen kukuuzia: Sheria ya Kawi ya 2019 ilifungua mlango kwa wengine kupewa leseni ya kusambaza na kuuza. Lakini hata akija muuzaji mwingine, atapita kwenye nyaya zilizopo na lazima azilipie. Mimi ningetaka kwanza kila mkataba uchapishwe mzima, bei na masharti, tujue tumefungwa kwa nini na mpaka lini.

Tafuta ujumbe wa tokeni wa miezi miwili iliyofuatana, nitumie yote miwili. Tutaisoma hapa mstari kwa mstari.