Fremu na foku za Triumph Bonneville: utajuaje kama ni zake?

SWALI: Habari fundi. Nimenunua Triumph Bonneville hapa Nairobi, muuzaji akasema ni ya 1967. Injini imegongwa T120 DU 58 elfu na kitu, lakini fremu imegongwa TR6 DU 71 elfu na kitu. Foku (ule uma wa mbele unaoshika gurudumu) haina ile mipira ya kukunjana, mabomba yako wazi. Jamaa mmoja wa Kirinyaga Road anasema fremu si ya Bonneville, ila anaweza kuisugua namba na kuigonga upya ifanane na ya injini. Nimruhusu?

JIBU: Usimruhusu, ndugu yangu. Namba ya fremu ndiyo inayotambulisha pikipiki kwenye logibuku, na siku ya ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri barabarani, ukikutwa na namba iliyosuguliwa, hutaeleweka hata kama nia yako ilikuwa njema. Zaidi ya hapo, utakuwa umefuta ushahidi pekee unaokwambia pikipiki hii ilitoka wapi.

Tuanze na hizo namba. Kiwanda cha Triumph cha Meriden, Uingereza, kilikuwa kinagonga namba moja kwenye injini na kwenye fremu. Kwa Triumph basi, namba zikitofautiana, kimoja kimebadilishwa. (BSA za zamani, pikipiki nyingine za Uingereza, si hivyo. Nyingi zilitoka kiwandani na namba mbili tofauti, na wengi huzitilia shaka bure.) Kwa mashine za cc 650 za miaka hiyo, modeli ya 1967 inaanzia DU44394 hadi DU66245, na ya 1968 inaanzia DU66246 hadi DU85903. Injini yako ni ya 1967 kweli. Fremu ni ya 1968.

Huyo jamaa amekosea kusema fremu si ya Bonneville. TR6 ni ndugu wa T120, yaani Bonneville. Tofauti yao kubwa iko kwenye kichwa cha silinda: T120 ina kabureta mbili, TR6 moja. Fremu ni ileile, herufi zilizogongwa ndizo zinazotofautiana. Kwa hiyo injini yako imekaa kwenye fremu inayoifaa kabisa, bila kukatwa wala kuchomelewa chochote. Haikuzaliwa nayo, basi.

Hata hivyo, hakikisha namba hizo hazijachezewa tayari. Ya fremu iko upande wa kushoto wa shingo, pale usukani unapopita. Mara nyingi imejaa rangi. Paka dawa ya kuondoa rangi, subiri ilegee, kisha tumia brashi ya nailoni. Grinda na msasa viweke mbali. Sugua chaki juu ya namba, futa kwa kidole, namba itabaki nyeupe. Halafu mulika tochi kwa ubavu. Herufi kupanda na kushuka kidogo ni kawaida, kwa sababu ziligongwa kwa mkono. Kinachotia wasiwasi ni chuma kilichobonyea kuzunguka namba, mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, au uvimbe wa weldi uliosawazishwa. Kwenye injini, tazama kile kibao kilicho kushoto, chini kidogo ya kitako cha silinda. Mwaka 1969 kiwanda kilianza kuweka jina la Triumph dogodogo lililoinuka kwenye kibao hicho, ili mtu akisugua ionekane. Cha kwako cha 1967 kinatakiwa kuwa kitupu, kwa hiyo angalia kama uso wake uko sawa kutoka pembe hadi pembe.

Sasa foku, ambayo ndiyo inanitia shaka zaidi. Kuanzia 1964 hadi 1970, springi za foku ya 650 zilikuwa nje ya mabomba, zikifunikwa na mipira ya kukunjana. Kama mipira imeondolewa tu, utaziona springi zenyewe, na miguu ya chini itakuwa ya chuma iliyopakwa rangi. Gusisha sumaku kwenye miguu hiyo: ikinata, uko salama. Isiponata, miguu ni ya alumini, na hiyo ni foku iliyokuja 1971 pamoja na fremu mpya iliyobeba oili ndani ya bomba lake kuu. Thibitisha kwa kalipa: bomba la foku ya zamani lina kipenyo cha nje cha kama milimita 33, la 1971 kama 34.6.

Ikiwa ni ya zamani, bado kuna swali la mwaka. Mwaka 1969 vibano vya foku, vile viwili vinavyoshika mabomba juu na chini, vilipanuliwa. Huhitaji kufungua kitu. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa bomba moja hadi ukingo wa kushoto wa bomba la pili, na hapo umepata umbali wa kati kwa kati. Inchi 6.5, yaani milimita 165, ni ya 1968 kurudi nyuma. Inchi 6.75, kama milimita 171, ni ya 1969 au 1970. Pima juu na chini. Vipimo viwili visipolingana, vibano vimepinda au mtu amechanganya cha juu cha mwaka mmoja na cha chini cha mwingine, na usukani utavuta upande hata ubadilishe tairi mara ngapi.

Foku ya 1971 ikiwa imeingizwa kwenye shingo ya zamani, fungua uone beringi. Fremu yako ilitumia gololi zisizofungwa ndani ya vikombe, foku ya 1971 ilikuja na beringi za rola. Ukikuta washa zimejazwa au kikombe kimechongwa ili kitoshe, usiendeshe hadi shingo itengenezwe.

Ukiagiza vipuri, jua kwamba namba za zamani za vipuri vya fremu zilianza na F na za vipuri vya foku na H. Baadaye H ikawa 97 na F ikawa 82, kwa hiyo duka likikupa namba ngeni, huenda ni kipuri kilekile. Na boliti: nyingi za 1967 zina nyuzi 26 kwa inchi, zilizofuata zilihamia taratibu kwenye nyuzi 24. Ukizichanganya, zinaingia mizunguko miwili kisha zinakaza. Hapo ndipo mafundi wengi hutoboa na kuweka boliti ya milimita 10, na tundu la asili linapotea. Nunua geji ya nyuzi, bei yake ni ndogo.

Klabu ya VMCC (Vintage Motor Cycle Club) ya Uingereza inahifadhi rekodi za kiwanda cha Triumph. Kwa malipo, watakwambia fremu yako ilitumwa wapi na lini. Anza na namba ya fremu, si ya injini.