Kujiandikisha kwa GP England: maswali yenu na majibu

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa watu waliorudishwa wakiwa bado mapokezi, hata GP, yaani daktari wa kliniki ya mtaani, hawajamwona. Ninajibu kwa waliopo England, maana Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Nimepanga chumba kwa mtu hapa Leicester, sina bili hata moja yenye jina langu. Kliniki imekataa kuniandikisha mpaka nilete pasipoti na uthibitisho wa anwani. Nifanyeje?

Rudi, ndugu yangu, kwa sababu walivyokufanyia sivyo. Mwongozo wa NHS, huduma ya afya ya umma, uko wazi: yeyote anayeishi England anaweza kujiandikisha kwa GP na kutibiwa naye bure, bila kuonyesha pasipoti, viza, bili wala namba ya NHS. Wanaruhusiwa kukuuliza kama unazo. Usipokuwa nazo, hiyo si sababu ya kukukatalia. Hata asiye na pa kulala huandikishwa, na anwani ya kliniki yenyewe inaweza kutumika.

Sababu zinazokubalika ni chache: unaishi nje ya eneo lao, au orodha yao ya wagonjwa imefungwa rasmi. Wakikukataa wanatakiwa wakupe sababu kwa maandishi ndani ya siku 14. Basi nenda pale, uongee taratibu: "Naomba mniandikie kwa nini mmenikataa." Mwombe pia meneja wa kliniki, kwa sababu aliye mapokezi huenda hajaelezwa kanuni. Kliniki nyingi siku hizi zinaandikisha kupitia tovuti ya NHS, na hapo hukutani na kaunta kabisa. Ikishindikana, piga simu Doctors of the World, shirika la hisani linalosaidia watu kupata GP.

Jambo hili linaniuma. Watu wetu wanakaa na presha na sukari bila dawa, miezi na miezi, kwa neno la kaunta ambalo halina nguvu ya kisheria.

Viza yangu imekwisha. Nikijiandikisha, si watanipeleka Uhamiaji?

Kuchunguza hali ya mtu ya uhamiaji si kazi ya GP, wala hali yako ya viza haikunyimi nafasi kwenye orodha yake. Ule mpango wa NHS kuwapa watu wa uhamiaji anwani za wagonjwa mara kwa mara ulisitishwa mwaka 2018, baada ya kupingwa vikali, madaktari wakiwamo.

Ila hospitali ni habari nyingine, na hapa naomba unisikilize vizuri. GP akikupa rufaa, hospitali inaweza kukuuliza hali yako na kukuandikia ankara, ambayo kwa kawaida ni asilimia 150 ya bei ya NHS. Deni la pauni 500 au zaidi, likikaa miezi miwili bila kulipwa wala kupangiwa malipo, linaweza kupelekwa Uhamiaji na kukuharibia maombi ya baadaye. Kwa hiyo ankara usiifiche chini ya godoro. Omba kulipa kidogo kidogo, na tafuta ushauri mapema.

Na yapo yasiyolipiwa na mtu yeyote: huduma ya dharura ndani ya A&E, kitengo cha dharura cha hospitali (si baada ya kulazwa), kifua kikuu, VVU na malaria. Hilo la malaria walishike wote wanaorudi kutoka nyumbani na homa. Usikae ndani na homa ukihofia gharama.

Mama yangu wa miaka 68 amekuja kutoka Tanga kunitembelea kwa miezi miwili. Dawa zake za presha zimekwisha.

Mpeleke kwa GP wako, uombe aandikishwe kama mgeni wa muda, utaratibu wa wanaokaa eneo lile chini ya miezi mitatu. Kumwona daktari ni bure. Dawa zenyewe England hulipiwa, lakini aliyetimiza miaka 60 halipi. Beba boksi za dawa alizokuja nazo, daktari aone jina na kipimo. Shida ingekuwa kulazwa, kwani mgeni hulipia; kwa hiyo safari ijayo mkatie bima kabla hajapanda ndege.

Kiingereza changu ni kidogo. Binti yangu wa miaka 10 ndiye anayenitafsiria, na kuna mambo naona haya kuyasema mbele yake.

Mtoto asibebeshwe mzigo huo, mama. Unaposhika miadi sema unahitaji mkalimani. Kliniki ndiyo inayomtafuta na wewe hulipi chochote, awe wa ana kwa ana au wa simu. Umesema umetoka Bukavu, basi taja kabisa kwamba unataka mkalimani wa Kiswahili cha Kongo. Mkalimani wa Lamu au Unguja ni hodari kwa kwao, lakini mnaweza kupishana kwenye neno la ugonjwa, na hapo ndipo dawa hukosewa. Msipoelewana, simamisha mazungumzo umwombe mwingine. Miadi yenye mkalimani huchukua muda, kwa hiyo omba pia iwe mirefu.

Naweza kuomba daktari mwanamke?

Ndiyo, omba unaposhika miadi. Asipokuwapo siku hiyo, unaweza kuomba mtu wa kukaa nawe wakati wa kupimwa.

GP wangu hanisikilizi. Nikilalamika si atanifuta?

Kulalamika si kosa la kufutiwa mtu. Andika kwa meneja wa kliniki, au kwa bodi ya NHS ya eneo lenu, iitwayo Integrated Care Board, ndani ya miezi 12 tangu tukio. Wakikujibu na usiporidhika, nenda kwa Parliamentary and Health Service Ombudsman, ofisi huru inayoamua malalamiko juu ya NHS. Na kama umechoka tu, jiandikishe kliniki nyingine. Huhitaji kueleza sababu wala kuwaaga, faili lako litakufuata.