Ini lililolaaniwa

Juzi msomaji mmoja kanitumia ujumbe: "Kaka, condemnation kwa Kiswahili ni laana, si ndiyo?" Nikacheka peke yangu kwenye daladala, halafu kicheko kikanikauka. Neno hilohilo liliwahi kuninyima mteja.

Nilikuwa nimetafsiri miaka minne, najiona nimefika. Nikapewa ripoti ya ukaguzi wa nyama, kurasa arobaini, malipo manono. Kila palipokuwa na "condemned" nikaweka "iliyolaaniwa". Maini yaliyolaaniwa. Mapafu yaliyolaaniwa. Hata kwenye jedwali nikaandika "jumla ya vilivyolaaniwa", na sikushtuka! Mteja akajibu mstari mmoja: "Hawa ng'ombe walimkosea nani?" Kazi akapewa mwingine. Bado inaniuma, maana kurasa zilizobaki zilikuwa safi kabisa.

Wiki iliyofuata nikaenda machinjioni alfajiri. Mkaguzi alipasua ini, akalibinya kwa dole gumba, minyoo bapa ikachomoza kwenye mirija, ya kijivu, kama vijani vilivyolowa. Akalitupia kwenye pipa. "Hili nimelikataa." Basi. Nyama iliyokataliwa. Neno lilikuwa pale siku zote, bure.

Tangu hapo kwanza nauliza ni nani anayesema, na baada ya kusema kinafuata nini. Serikali ikitoa tamko baada ya shambulio inalaani, tena "vikali", na hakuna anayewaza uchawi. Mahakamani mtu hutiwa hatiani kwanza, ndipo akahukumiwa kifungo au kunyongwa. Ukiyachanganya hayo, wakili atakucheka. Lawama ni nyepesi, hata mke na mume hupeana asubuhi wakanywa chai pamoja. Shutuma ina ukali, asili yake ya Kiarabu ni matusi.

Kanisani ndiko wengi wanakoteleza. Warumi 8:1 katika Biblia ya Union inasema "hakuna hukumu ya adhabu". Kigiriki ni neno moja, katakrima, lakini nadhani watafsiri wale waliona "hukumu" tupu haitoshi, kwani hukumu inaweza pia kumwachia mtu huru. "Laana" wakaiweka Wagalatia 3:13, ambako Kigiriki chenyewe kina neno jingine. Mkalimani anayepachika laana kwenye Warumi anawatoa waumini kanisani na kuwapeleka kwa mganga. Nimemsikia mmoja, na watu wakaitikia amina.

Ninyi mnaotaka kula kwa kalamu kama mimi, acheni kuisujudia kamusi. Ulizeni. Mkiona aibu, ulizeni hivyohivyo. Wavivu wa kuuliza ndio wanaotushushia bei mjini, halafu wanalalamika wateja wabahili.

Yule msomaji nilimwambia anitumie sentensi nzima. Akaituma pamoja na tafsiri yake, tayari kwa kubandikwa mlangoni: "Jengo hili limelaaniwa. Wapangaji wote wahame."