Gitaa Limezama Kwenye Besi: Hedifoni za Kusikilizia Roki Nyumbani

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mpenzi wa roki, hasa ya miaka ya 70 mpaka 90, ile ya magitaa mazito. Nasikiliza usiku sebuleni watoto wakishalala, kwa simu au kompyuta. Mwaka jana nilinunua hedifoni za Bluetooth zilizoandikwa "besi kubwa", spika za milimita 50. Besi ipo kweli, lakini gitaa linasikika kama linapigwa chumba cha pili, na mwimbaji naye amefifia. Nimeweka ikwalaiza (ile sehemu ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba) kwenye "Rock", bado. Muuzaji anasema hazijakomaa, niziache zipige mfululizo kwa muda wa saa 200, au niongeze pesa nichukue za milimita 53. Nimetenga shilingi 250,000. Nishauri. Jambo jingine dogo: nikishasikiliza, masikio yanabaki yanavuma mpaka napitiwa na usingizi. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ndugu yangu, usitoe hata mia kwa ajili ya milimita tatu. Na hilo uliloliita dogo nitalirudia, maana kwangu ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika.

Haipiti wiki bila mtu kuja kwenye meza yangu na hedifoni za besi, analalamika hivyo hivyo: gitaa halisikiki. Anataka nizirekebishe. Nazifungua, sioni kilichoharibika. Zimetengenezwa zipige hivyo. Siku moja nilikuta vipande vya chuma vimegundishwa ndani ya kikombe, havina kazi yoyote ila kuzifanya ziwe nzito mkononi, mnunuzi adhani ameshika kitu cha maana.

Watu wameaminishwa kwamba muziki mzito unataka besi nzito. Roki haikujengwa hivyo. Uzi mnene wa gitaa la kawaida, likiwa limefungwa kwa mpangilio wake wa kawaida, unapiga kwenye Hezi 82, yaani mitetemo 82 kwa sekunde; namba ikiwa ndogo, sauti ni nene. Gitaa la besi la nyuzi nne linaanzia Hezi 41. Chini ya hapo, kwenye roki ya miaka uliyoitaja, hakuna mambo mengi. Nyama yote ya muziki huo iko katikati, tuseme kuanzia Hezi 300 mpaka 4,000: mkwaruzo wa gitaa, koo la mwimbaji, na snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Hata ile ngoma kubwa ya mguu, mshindo wake unaousikia kifuani uko chini, lakini ule mlio wa nyundo ikigusa ngozi, ule unaokuambia mpigaji ameingia sasa, uko kwenye Hezi elfu mbili na kuendelea. Ukiufunika huo, ngoma inabaki mvumo tu, kama jirani anatwanga.

Na besi hufunika kweli, hili si suala la ladha. Sikio la binadamu limeumbwa hivi kwamba sauti nene ikiwa kubwa huzizima zile nyembamba zilizo juu yake, lakini nyembamba haziwezi kuizima nene kwa kiasi hicho. Kadiri unavyofungulia sauti, ndivyo kufunikwa kunavyozidi. Kwa hiyo hedifoni zako hazijakosa gitaa. Zinalipiga, ila limewekewa godoro juu.

Kisha ukaweka ikwalaiza kwenye "Rock". Kwenye programu nyingi kibonyezo hicho huinua besi, huinua makali ya juu, na kuzishusha sauti za katikati. Yaani umeliongezea gitaa godoro la pili. Rudisha mistari yote kwenye sifuri, halafu shusha ile ya besi kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) nne au tano, uache mingine ilivyo. Wimbo utaonekana mwembamba kwa dakika kumi za mwanzo kwa sababu sikio lilishazoea uzito. Vumilia usikilize nyimbo tatu. Huenda ukaahirisha kabisa kununua.

Milimita sasa. Upana wa kiwambo, ile ngozi ya spika inayotetemeka, peke yake haukuambii lolote kuhusu ubora. Sony MDR-7506, ambazo zimetoka mwaka 1991 na mpaka leo utazikuta shingoni mwa mafundi wa studio na wa redio, zina kiwambo cha milimita 40. Na yale maandishi ya "Hezi 5 mpaka 40,000" kwenye boksi yapuuze. Bila kuandikwa sauti inapanda au kushuka desibeli ngapi kati ya namba hizo mbili, ni pambo. Wewe na mimi mwisho wetu ni Hezi 20,000, tena ujanani. Spika za inchi 12 za Celestion, zilizo ndani ya maboksi mengi ya spika yaliyochomekewa magitaa ya roki unayoipenda, kiwanda chenyewe hutaja masafa yake kuwa kama Hezi 70 mpaka 5,000. Gitaa lenyewe halikufika huko boksi la hedifoni linakojisifia.

Habari ya kukomaa kwa saa 200 inanichosha. Kinachobadilika ni mito ya masikio kulainika, na wewe mwenyewe kuzoea. Piga hesabu: saa 200 mfululizo ni zaidi ya siku nane. Sasa kaangalie risiti yako, muuzaji alikupa siku ngapi za kurudisha bidhaa.

Sasa ununue zipi. Kwa kuwa usiku kuna ukimya, ungekuwa chumbani kwako peke yako ningekuambia chukua zenye mgongo wazi, zile ambazo nyuma ya kikombe hazijazibwa. Zinapumua, gitaa linasimama mbele yako badala ya katikati ya fuvu, na hedifoni za Grado, za Brooklyn, Marekani, zimejijengea jina kwa wapenzi wa roki kwa sababu hiyo. Lakini hizo huvujisha sauti nje karibu kama redio ndogo, na wewe uko sebuleni na watoto wamelala. Kwa hiyo chukua zilizofungwa mgongo, za kuzunguka sikio zima, za waya. Waya hauishiwi chaji, na kwa pesa ileile unalipia spika badala ya betri. Simu yako ikiwa haina tundu la pini, kuna kiunganishi kidogo cha USB-C, hakina gharama ya kutisha.

Hizo MDR-7506, au Audio-Technica za ATH-M40x, ndizo ningeanza kuzitafuta kwa kiasi ulichotenga, ingawa bei hupanda na kushuka. Za Sony zina ukali kidogo juu, na matoazi yaliyorekodiwa vibaya yatakuchoma. Za Audio-Technica zimetulia zaidi. Nakala bandia zipo tele, kwa hiyo bei ikiwa nusu ya ile ya maduka mengine, umeshapata jibu. Angalia pia ukinzani, yaani jinsi hedifoni zinavyozuia umeme, unaopimwa kwa omu. Beyerdynamic DT 770 Pro, kwa mfano, hutoka kwa omu 32, 80 na 250, jina moja. Ukichukua za 250 ukazichomeka kwenye simu, zitanong'ona, na yule yule muuzaji atakuuzia amplifaya, kifaa cha kukuza sauti. Za omu 32 mpaka 63 au 80 simu inazimudu.

Vaa kabla ya kulipa, na kama unavaa miwani, vaa nayo. Mpini wa miwani ukiacha upenyo chini ya mto, besi yote inatoka hapo, na utafikiri hedifoni ni mbovu. Chukua wimbo unaoujua kila kona yake, wa kwako, usikubali ule wa dukani uliochaguliwa utingishe kaunta. Usikilize gitaa la pili, lile la nyuma linaloshika mdundo. Ukilipata bila kupandisha sauti, umepata hedifoni. Na albamu nyingine hazitibiki kwa kifaa chochote. Death Magnetic ya Metallica ya mwaka 2008 ilibanwa sauti, ndogo na kubwa zikapiga kwa nguvu karibu sawa, mpaka mashabiki wenyewe wakalalamika, wakasema toleo lililowekwa kwenye mchezo wa video wa Guitar Hero linasikika vizuri kuliko la kwenye CD. Usipimie hedifoni kwa hiyo.

Tumalize na huo mvumo. Najua ulivyofika hapo, kwa sababu kila mwenye hedifoni za besi hufika hapo. Gitaa halisikiki, unapandisha sauti ulifuate. Besi inapanda nalo, inalifunika tena, unapandisha tena. Wengine hushusha programu za "kukuza sauti asilimia 200". Usiku wa manane unakuta umefungulia mpaka mwisho na bado unalitafuta gitaa.

Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha mtu mzima: desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatwa nusu. Desibeli 83, saa 20. Desibeli 86, saa 10. Ukifika 92, umebakiwa na saa mbili na nusu kwa wiki nzima, na hedifoni nyingi zinafika huko bila hata kujikaza. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena, na zinazoanza kuondoka ni za sauti nyembamba, zilezile zinazokuwezesha kutofautisha maneno mtu akiongea kwenye kelele. Ndiyo maana mtu hajui kwamba anapoteza usikivu. Anadhani wenzake wananung'unika.

Sikio likivuma baada ya muziki, sauti ilizidi. Pumzisha hedifoni siku kadhaa, kabisa. Ukirudi, weka sauti ambayo mtu akikuita kwa sauti ya kawaida kutoka upande wa pili wa sebule utamsikia, na kila saa moja zivue kwa dakika kumi. Kama mvumo unabaki mpaka asubuhi, au unaanza wenyewe hata hujasikiliza kitu, nenda kwa daktari wa masikio upimwe usikivu, na uende mapema. Wapo watakaokuambia udondoshe mafuta ya kitunguu saumu, na wapo wanaouza matone ya "kurudisha usikivu" mitandaoni na kwenye stendi. Mteja wangu mmoja aliyatumia kwa miezi mitatu kabla hajaenda hospitali, na sasa anapokuja dukani nasimama upande wake wa kulia ndipo tunaelewana.