Kwa mwalimu mgeni wa Historia: kuichambua hotuba ya Johnson ya 1965

Mwalimu mwenzangu, karibu Kisumu. Ukifika kwenye hotuba ya Rais Lyndon Johnson wa Marekani ya Machi 15, 1965, usiwagawie wanafunzi nakala nzima. Ni ndefu, kipindi ni dakika 40, na wataishia kupigia mstari maneno matamu. Chagua sehemu tatu: ya mji wa Selma, ya mswada wa haki ya kupiga kura na ya Cotulla, mji wa Texas alikowahi kufundisha.

Kabla ya kusoma, wajue alikuwa akiwahutubia kina nani. Wanafunzi wetu wakisikia hotuba ya rais hufikiria sherehe, kama Madaraka ya 2021 pale Mamboleo. Hii haikuwa ya sherehe. Siku nane kabla, polisi wa Alabama walikuwa wamewapiga virungu watu weusi walioandamana kudai haki ya kupiga kura, kwenye daraja la Edmund Pettus mjini Selma. Johnson, mzaliwa wa Texas, alisimama mbele ya Bunge lenye maseneta wa Kusini waliokuwa wakiupinga mswada wake. Hilo lisipoeleweka, uchambuzi wote unaelea.

Kaa sana kwenye Cotulla. Hapo rais anasimulia alivyofundisha watoto maskini wenye asili ya Meksiko, waliokuja darasani na njaa. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliuliza: "Mwalimu, mswada ni wa kura. Njaa inaingiaje?" Swali kama hilo usilijibu. Liandike ubaoni, darasa libishane. Wapo watakaosema anatafuta huruma, wapo watakaosema anajitoa kuwa shahidi. Kila mmoja aonyeshe sentensi inayomuunga mkono.

Kisha wape tarehe. Johnson anasema Cotulla ilikuwa kazi yake ya kwanza baada ya chuo. Kumbe alianza kufundisha huko 1928, na chuo akamaliza 1930. Napenda sana hatua hii. Darasa hukimbilia kusema "alidanganya", nawe uwatulize: je, njaa ya wale watoto imepungua ukweli? Na kwa nini msemaji apange maisha yake hivyo mbele ya wabunge?

Baada ya hapo leta sheria aliyoitia saini Agosti 6, 1965. Walinganishe aliyoyaomba na yaliyopitishwa, kwa mfano maafisa wa serikali kuu kuandikisha wapiga kura pale majimbo yalipokataa. Insha yao ianzie hapo, sifa za msemaji zingoje.